Gari dogo la zamani likaguliwe kabla ya Masika

Mvua za Masika hunyesha kati ya Machi na Mei katika maeneo yanayopata misimu miwili ya mvua kwa mwaka, yakiwemo Dar es Salaam, Pwani, Tanga, Kilimanjaro, Arusha na visiwa vya Unguja na Pemba. Kwa mmiliki wa gari dogo lenye umri wa miaka kumi na tano au zaidi, mfano wa Vitz, IST na Passo zilizoenea mitaani, wiki chache kabla ya msimu huo ndio wakati wa ukaguzi. Kasoro inayovumilika wakati wa jua huwa hatari lami ikilowa.

Fedha ikiwa haitoshi kwa matengenezo yote, ianzie kwenye matairi. Mifereji ya tairi huondoa maji ili mpira ushike barabara. Ikiisha, gari huelea juu ya maji na usukani hauitiki. Ndani ya mifereji hiyo mna vinundu vyenye kimo cha milimita 1.6. Kashata zikilingana na vinundu hivyo, tairi limekwisha, na kwa mvua kubwa ni busara kulibadilisha mapema zaidi, kina kinapobaki milimita 3. Umri nao husomwa ubavuni katika tarakimu nne: 1518 maana yake ni wiki ya 15 ya mwaka 2018.

Wanunuzi wa matairi yaliyotumika wanapaswa kuwa waangalifu na yale yaliyoandikwa STUDLESS. Hayo yalitengenezwa kwa ajili ya theluji na barafu za Japani. Mpira wake laini huliwa upesi katika joto la Pwani na haushiki vizuri lami yenye maji, ingawa kashata zake nene huyafanya yaonekane bora kuliko mengine.

Mipira ya waipa iliyokauka ibadilishwe. Ni gharama ndogo mno kulinganisha na ajali ya usiku. Kioo kikiingia ukungu, kiyoyozi huukausha haraka kuliko kitambaa, hivyo kisiachwe kibovu kwa sababu tu ni msimu wa baridi kidogo. Mafuta ya breki hufyonza unyevu na kwa kawaida hubadilishwa kila baada ya miaka 2. Betri nzima husoma takriban volti 12.6 injini ikiwa imezimwa. Injini ikiwaka, kipimo kiwe karibu volti 14, la sivyo alteneta ichunguzwe, kwani taa, waipa na feni huitegemea kwa pamoja.

Hata hivyo, hakuna matengenezo yanayoliandaa gari dogo kuvuka mafuriko. Maji yanayokwenda kasi yenye kina cha sentimita 30 yanaweza kulielea na kulisukuma nje ya barabara, na chini ya maji hayo daraja au kalavati huenda limekwishasombwa. Dereva asiyeiona lami ageuze au asubiri, hata kama daladala iliyo mbele imepita. Daladala ina kimo na uzito ambao gari dogo halina.

Katika magari mengi ya aina hii, mdomo wa kuvutia hewa uko karibu na taa za mbele. Maji yakiingia humo hufika kwenye silinda, na kwa kuwa maji hayashindiliki kama hewa, konrodi hupinda au kuvunjika. Kwa hiyo injini ikizimika ndani ya maji isiwashwe tena. Abiria watoke mapema, waelekee mahali pa juu, na gari livutwe hadi gereji. Huko fundi akague chujio la hewa, plagi, oili ya injini na mafuta ya gia kabla ya kugeuza ufunguo. Oili yenye rangi ya maziwa imeingiliwa na maji.

Watu wakikwama ndani ya maji, Jeshi la Zimamoto na Uokoaji hupatikana kwa namba 114 na Polisi kwa namba 112.