Niobiamu ya Lueshe na Maabara za Baridi Kali

Mwaka 1959 mtaalamu wa miamba aitwaye Safiannikoff alichapisha mjini Brussels maelezo ya madini ambayo hayakuwa yameorodheshwa popote duniani. Yalikuwa fuwele nyeusi zenye umbo la mchemraba, zilizotoka Lueshe, katika wilaya ya Rutshuru, kaskazini mwa Goma, katika Kivu ya Kaskazini ya leo, mashariki mwa Kongo. Zilipopimwa zilikutwa na sodiamu, oksijeni na metali iitwayo niobiamu. Kwa desturi ya wanajiolojia, madini yakapewa jina la mahali yalipopatikana, na mpaka leo mwanafunzi wa Tokyo au Toronto hukariri jina “lueshite” bila kujua kama Lueshe ni mto, mtu au mlima.

Mei mwaka huohuo, huko Massachusetts, Marekani, mhandisi Dudley Buck alifariki ghafla akiwa na umri wa miaka 32. Buck hakuwahi kufika Kongo, wala sidhani kama alilisikia jina la Rutshuru. Lakini swichi aliyoibuni kwa ajili ya kompyuta ilitengenezwa kwa metali mbili tu, niobiamu na tantalamu, na ardhi ya Kivu ya Kaskazini ina zote mbili.

Metali hizo zinafanana mno, kiasi kwamba wakemia wa Ulaya walihangaika nazo kwa miongo. Charles Hatchett aliigundua ya kwanza London mwaka 1801, Anders Ekeberg akaigundua ya pili Sweden mwaka uliofuata, kisha mwaka 1809 mkemia mwingine wa Kiingereza, William Wollaston, akatangaza kwamba ni kitu kimoja. Alikosea, na kosa lake likadumu hadi miaka ya 1840. Wachimbaji wa Masisi na Walikale wanaujua undugu huo kwa namna yao, maana ndani ya madini ya koltani metali hizo mbili hukaa pamoja, na bei ya kiroba hutegemea tantalamu ni kiasi gani.

Lueshe ni kisa kingine. Pale hakuna koltani ya kuchekecha kwa beseni mtoni. Kuna mwamba wa kabonatiti, uliopanda kutoka chini sana ukiwa wa moto zaidi ya miaka milioni 500 iliyopita, zamani sana kabla ya volkano za Nyiragongo na Nyamulagira kuwapo. Mvua na joto viliuozesha mwamba huo juu, chokaa ikachukuliwa na maji, na madini yaitwayo pirokloro yakabaki yakiwa mengi kuliko mwanzo. Pirokloro ndiyo inayobeba niobiamu. Tantalamu ndani yake ni kidogo mno.

Turudi kwa Buck. Alipoanza kazi katika chuo cha MIT, kompyuta ziliendeshwa kwa valvu za kioo, ambazo zilikula umeme mwingi, zilipata moto na kuungua mara kwa mara. Transista ilikuwa imeshazaliwa katika maabara ya kampuni ya simu, Bell Labs, Desemba 1947, lakini ilikuwa bado ghali. Wakati wenzake wakipambana na joto, Buck akaelekea kwenye baridi. Alichukua kipande kifupi cha waya wa tantalamu, akakizungushia waya mwembamba zaidi wa niobiamu, halafu akavichovya vyote ndani ya heliamu ya kimiminika, kwenye nyuzi 269 chini ya sifuri. Katika baridi hiyo metali zote mbili hupoteza ukinzani wake wote, na umeme hupita bila kupungua hata chembe.

Ujanja ulikuwa katika tofauti yao. Tantalamu huifikia hali hiyo kwa shida, ikiwa imeuvuka mpaka wake kwa sehemu tu ya nyuzi moja. Niobiamu inakuwa imeuvuka mpaka wake mapema, nyuzi 5 hivi kabla. Kwa hiyo Buck alipopitisha mkondo mdogo kwenye waya wa niobiamu, usumaku uliotokea ulitosha kuirudishia tantalamu ukinzani wake, huku niobiamu yenyewe isitikisike. Akikata mkondo, tantalamu inarudi kupitisha umeme bure. Hapo amepata swichi isiyo na kifaa kinachosogea wala kioo kinachoungua, na kompyuta, ukiivua mapambo yote, ni swichi nyingi zilizounganishwa. Kifaa hicho alikiita kriotroni, akakitangaza mwaka 1956.

Makampuni yakaichangamkia. IBM, General Electric na RCA zilianza kutengeneza kriotroni za utando mwembamba badala ya waya, zikitumia bati na risasi. Lakini mwaka Buck alipofariki ndio mwaka ambao wahandisi wa Texas na California walikuwa wakifanyia kazi sakiti nzima iliyochongwa kwenye kipande kimoja cha kitu kigumu. Chipu hiyo haikuhitaji heliamu. Kufikia katikati ya miaka ya 1960 kriotroni ilikuwa imebaki kwenye makabati.

Hata hivyo maabara za makampuni zina tabia ambayo mtu wa nje huiona kama ukaidi: wazo lililozikwa hufukuliwa likipata sababu mpya. Safari hii sababu ilitoka Cambridge, Uingereza. Mwaka 1962 mwanafunzi wa miaka 22, Brian Josephson, alionyesha kwa hesabu kwamba metali mbili zilizopoteza ukinzani zikitenganishwa na utando mwembamba mno wa kihami, umeme utavuka utando huo bila kusukumwa. Mwaka uliofuata Philip Anderson na John Rowell wa Bell Labs walilithibitisha jambo hilo kwa kipimo. IBM ikaona hapo swichi ya haraka kuliko chochote cha silikoni, na kwa zaidi ya miaka kumi ikalipa watu kujenga kompyuta ya viungo hivyo, viitwavyo viungo vya Josephson.

Waliijenga kwa aloi za risasi, kwa kuwa risasi ni rahisi kupakwa. Ni metali laini pia. Kila chipu ilipotolewa kwenye heliamu ikapata joto la chumba, kisha ikarudishwa, ilitanuka na kusinyaa, na ule utando wa kihami, ambao unene wake ni wa atomu chache tu, ulipasuka. Mwaka 1983 IBM ilifunga mradi. Silikoni ilikuwa ikikimbia, na wakubwa hawakuona tena faida ya kuikimbiza.

Kinachonishangaza ni kwamba mwaka huohuo, 1983, Michael Gurvitch na wenzake wa Bell Labs walichapisha dawa ya ugonjwa huo. Chini weka niobiamu, juu yake paka alumini nyembamba sana, iache alumini ishike kutu kidogo ya oksijeni, kisha funika kwa niobiamu nyingine. Kutu hiyo ndiyo kihami. Niobiamu ni ngumu, haijali kupozwa na kupashwa mara mia. Wajapani, ambao hawakuwa wameacha, waliidaka njia hiyo na kuendelea nayo miaka yote ya 1980.

Niobiamu ya Lueshe nayo ilikuwa imeanza kupata wenyewe. Mwaka 1982, chini ya Rais Mobutu, iliundwa Société Minière du Kivu, ambayo kila mtu huiita Somikivu. Asilimia 70 ya hisa ilikuwa ya GfE, kampuni ya aloi ya Nürnberg, Ujerumani, na asilimia 20 ya dola ya Zaire, kama Kongo ilivyoitwa wakati huo. Katikati ya miaka ya 1980 mgodi ukaanza kutoa. Wanunuzi wake hawakuwa Bell Labs. Pirokloro huyeyushwa kuwa aloi ya kuimarisha chuma: gramu mia chache kwa tani zinatosha kukipa nguvu chuma cha mabomba ya gesi, madaraja na magari. Hayo ndiyo matumizi makubwa ya niobiamu duniani, wakati ule na sasa.

Uzalishaji ulisimama mwaka 1993, Kivu ilipoanza kuwaka. Mwaka 1994 wakimbizi kutoka Rwanda walijaa kambi za Katale na Kahindo, humohumo Rutshuru, na baada ya hapo vita viwili vikafuatana. Mwaka 1999 Rais Laurent-Désiré Kabila, akiwa Kinshasa, aliwapa Waaustria haki ya kuchimba Lueshe, lakini Lueshe ilikuwa mikononi mwa waasi wa RCD wenye makao Goma, nao hawakuitambua saini yake. Upande wa Ujerumani ukarejea kuchimba chini ya RCD kuanzia mwaka 2000. Kesi zikafuata, barua za balozi zikafuata, na ripoti za wataalamu wa Umoja wa Mataifa zikaitaja Somikivu.

Mwaka 1999 huohuo, mjini Tsukuba, watafiti watatu wa kampuni ya NEC, Yasunobu Nakamura, Yuri Pashkin na Tsai Jaw-Shen, walikifanya kiungo cha Josephson kuwa kyubiti, yaani sehemu ya msingi ya kompyuta ya kwantamu. Walitumia alumini. Hali yake ya kwantamu ilidumu nanosekunde chache, ikatoweka.

Ndani ya Kivu hakuna aliyekuwa na nafasi ya kusoma habari hiyo. Mwaka 2000 kilichozungumzwa kilikuwa koltani. Kapasita za tantalamu, zilizoanzia pia Bell Labs katika miaka ya 1950, zilikuwa zimeingia katika kila simu ya mkononi, na bei ya tantalamu ikapanda karibu mara kumi ndani ya mwaka mmoja. Walimu waliacha chaki, wakulima wakaacha majembe. Mwaka 2001 bei ikaanguka, lakini vikundi vyenye silaha vilikuwa vimeshajifunza kukaa juu ya mashimo.

Tangu hapo kompyuta ya kwantamu imekua. IBM iliweka ya kyubiti 5 kwenye intaneti mwaka 2016, mtu yeyote aijaribu. Google ilitangaza chipu ya kyubiti 53 mwaka 2019 na nyingine ya 105 Desemba 2024. Katika chipu za IBM kiungo chenyewe ni cha alumini, lakini sakiti inayokizunguka ni ya niobiamu. Tantalamu nayo imerudi, miaka 60 na zaidi baada ya Buck: mwaka 2021 kundi la chuo cha Princeton lilionyesha kwamba kyubiti ya tantalamu hudumu zaidi ya sehemu 3 za kumi za milisekunde, na mwaka 2025 wakavuka milisekunde moja. Ukilinganisha na zile nanosekunde za Tsukuba, ni safari ndefu.

IBM, iliyofungua maabara ya utafiti Nairobi mwaka 2013, iliipa moja ya mashine zake jina ibm_nairobi, yenye kyubiti 7. Mashine yenyewe haikuwahi kukaa Nairobi, ila kijana wa Goma mwenye intaneti ya kuaminika angeweza kuipelekea programu yake mpaka ilipostaafishwa mwaka 2023. Kuhusu hiyo intaneti ya kuaminika, wenyeji wanajua.

Siku hizi husikika, redioni na makanisani, kwamba dunia inapigania Kivu kwa sababu ya kompyuta za kesho. Mimi napendekeza tupige hesabu kwanza. Utando wa niobiamu kwenye chipu hizi una unene wa kama nanomita 200. Sahani ya silikoni yenye upana wa sentimita 30, ambayo chipu nyingi hukatwa kutoka kwake, ikipakwa yote inabeba gramu 0.12 za niobiamu. Kilo moja, ukiacha kinachopotea wakati wa kupaka, inatosha sahani 8,000. Mtu mmoja angebeba begani mahitaji ya maabara zote za kwantamu duniani akashuka nayo Goma kwa basi.

Tantalamu ya kapasita ni jambo jingine. Hiyo huenda kwa tani, na Rubaya, huko Masisi, iliyotekwa na waasi wa M23 mwaka 2024, hutoa takriban asilimia 15 ya tantalamu ya dunia. Kule bunduki zina hesabu zake, na kwantamu haimo. Rutshuru yenyewe na mji jirani wa Kiwanja ilikuwa imetekwa nao Oktoba 2022. Lueshe, kwa mujibu wa makadirio yanayotajwa mara nyingi, ina tani milioni 30 za udongo wenye asilimia 1.34 ya oksidi ya niobiamu. Araxá, nchini Brazil, ina udongo tajiri zaidi, barabara na amani, na Brazil huiuzia dunia karibu sehemu tisa kwa kumi za niobiamu yote. Mwenye kiwanda cha chuma hana haraka ya kumtafuta muuzaji wa pili.