Programu za wingu zinavyobadili upangaji wa uzalishaji viwandani

AGOSTI 29, mwaka 2023, viwanda vyote 14 vya kuunganisha magari vya kampuni ya Toyota nchini Japan vilisimama. Hapakuwa na mgomo, tetemeko la ardhi wala uhaba wa chuma. Mfumo wa kompyuta unaoshughulikia oda za vipuri ulikuwa umeishiwa nafasi ya kuhifadhi taarifa.

Kampuni hiyo ilieleza mwezi uliofuata kwamba siku mbili kabla ya kusimama, Agosti 27, yalifanyika matengenezo ya kawaida ambayo taarifa zilizorundikana kwenye kanzidata zilikuwa zikifutwa na kupangwa upya. Nafasi ikajaa, baadhi ya seva zikazimika, na seva za akiba zilizotakiwa kushika zamu nazo zikashindwa kwa kuwa zilikuwa ndani ya mfumo uleule na zilikumbwa na tatizo lilelile. Uzalishaji ulirejea baada ya taarifa kuhamishiwa kwenye seva yenye nafasi kubwa zaidi.

Ikiwa hayo yanaweza kuipata Toyota, ambayo mbinu zake za uzalishaji hufundishwa katika vyuo duniani kote, ni rahisi kuelewa kwa nini wenye viwanda vidogo na vya kati hujiuliza iwapo ni busara kuendelea kutunza seva zao wenyewe, katika chumba kidogo chenye kiyoyozi kimoja nyuma ya ofisi ya uhasibu. Njia nyingine ni kukodi programu ya kupanga uzalishaji kwa kampuni inayoiendesha kwenye kompyuta zake na kuifikia kwa njia ya intaneti. Hiyo ndiyo inayoitwa programu ya wingu.

Jina la wingu lilitokana na mazoea ya wahandisi wa mitandao, ambao katika michoro yao walichora umbo la wingu kuwakilisha sehemu ya mtandao ambayo mtumiaji hahitaji kujua undani wake. Taasisi ya Taifa ya Viwango na Teknolojia ya Marekani, NIST, ilichapisha ufafanuzi rasmi mwezi Septemba 2011. Kwa mujibu wa ufafanuzi huo, mteja hujipatia huduma mwenyewe wakati anapoihitaji, huipata kupitia mtandao, hutumia mitambo ambayo wateja wengine nao wanaitumia, anaweza kuongeza au kupunguza kiasi haraka, na matumizi yake hupimwa. Kwa lugha ya nyumbani, ni kama kununua umeme wa gridi badala ya kufunga jenereta: anayeununua hana haja ya kujua mtambo uko bonde gani.

Hesabu iliyo moyoni mwa kazi

Ili kuona faida yake ni lazima kwanza kufahamu programu ya uzalishaji hufanya nini hasa. Msingi wake uliwekwa miaka ya 1960, pale mhandisi Joseph Orlicky wa kampuni ya IBM alipobuni utaratibu wa kukokotoa mahitaji ya malighafi, unaojulikana kwa kifupi kama MRP. Kampuni ya Black & Decker, watengenezaji wa vifaa vya ufundi, ndiyo iliyotangulia kuutumia mwaka 1964. Orlicky aliueleza kwa kirefu katika kitabu alichokitoa mwaka 1975, na hadi leo hesabu hiyo haijabadilika sana.

Chukua mfano wa kiwanda cha rangi kilichopokea oda ya ndoo 5,000 za lita 4 kila moja. Hizo ni lita 20,000 za rangi, ndoo tupu 5,000, vifuniko 5,000 na lebo 5,000. Mtunza stoo anasema zipo ndoo 3,200. Karani mwepesi atatoa hizo na kuagiza 1,800. Lakini katika hizo 3,200, ndoo 500 zimekwisha kuahidiwa oda ya mteja mwingine ambayo haijajazwa. Zilizo huru ni 2,700 tu, na za kuagiza ni 2,300. Msambazaji wa ndoo huchukua siku 10 kuleta mzigo; kama rangi itachanganywa tarehe 25, oda ya ndoo haina budi kutoka tarehe 15. Hesabu hiyohiyo irudiwe kwa kila kiungo, kwa kila oda, kila siku, na ibadilike pale mteja anapoongeza idadi au mashine inapoharibika.

Leja na lahajedwali huweza kufanya kazi hiyo kiwanda kikiwa na bidhaa tatu au nne. Zikifika 30, zile ndoo 500 za ahadi ndizo hupotea. Mchanganyiko unakuwa tayari, wafanyakazi wa zamu wamesimama, na hakuna cha kujazia. Hasara ya namna hiyo haionekani kwenye vitabu kama hasara ya ndoo. Huonekana kama malipo ya saa za ziada, usafiri wa dharura na mteja ambaye hakurudi.

Kwa miaka mingi dawa ya tatizo hilo ilikuwa ya matajiri. Kampuni ya SAP ya Ujerumani, iliyoanzishwa mwaka 1972 na watu watano waliotoka IBM, ilijenga mifumo iliyounganisha uzalishaji, uhasibu, ununuzi na mauzo; mwaka 1990 kampuni ya utafiti ya Gartner ikaipa mifumo ya aina hiyo jina la ERP. Kuifunga kulihitaji seva, leseni, washauri na miezi mingi, pengine miaka. Mlango ulianza kupanuka pale Amazon ilipoanza mwaka 2006 kukodisha nafasi ya kuhifadhi taarifa na nguvu za kompyuta kwa yeyote mwenye kadi ya benki.

Hata hivyo, si programu zote za wingu zilizotoka kwa watu wa kompyuta. Plex ilianzia ndani ya kiwanda cha vipuri vya magari huko Michigan, Marekani, kabla ya kuwa kampuni inayojitegemea mwaka 1995. Ilitoa huduma yake kwa intaneti muda mrefu kabla neno wingu halijazoeleka, na mwaka 2021 ilinunuliwa na Rockwell Automation, watengenezaji wa vidhibiti vya mitambo, kwa dola za Marekani bilioni 2.22. Bei hiyo inatosha kuonyesha wakubwa wa sekta hiyo wanaamini soko linaelekea wapi.

Faida zilizo dhahiri

Faida inayotajwa kwanza na wauzaji ni gharama, ingawa huenda siyo iliyo kubwa kuliko zote. Ni kweli kwamba kiwanda hakilazimiki kununua seva, kuajiri mtu wa kuilinda usiku wala kulipia toleo jipya kila baada ya miaka michache. Hulipa ada ya mwezi kwa idadi ya watumiaji, na kinaweza kuanza na watu watano. Lakini kodi ni kodi: baada ya miaka saba au minane jumla ya ada inaweza kupita bei ya mfumo ulionunuliwa. Kwa viwanda vinavyouza kwa shilingi na kulipa ada kwa dola, thamani ya shilingi ikishuka ada hupanda bila mkataba kubadilishwa hata neno moja.

Uzito zaidi uko kwenye kuwa na tarakimu moja inayosomwa na wote. Fundi akiandika kwenye simu kwamba mashine ya kujaza imesimama, mpangaji wa uzalishaji huiona habari hiyo palepale, na mtu wa mauzo aliye mji mwingine huacha kuahidi mzigo wa kesho. Mtunza stoo anapopokea malighafi, mhasibu haombi tena karatasi. Katika kiwanda chenye ghala Tanga na ofisi Dar es Salaam, kazi ambayo zamani ilihitaji simu nne na faili moja kwenye basi hukamilika kabla dereva hajaegesha lori.

Kisha kuna suala la kufuatilia bidhaa hadi ilikotoka, ambalo Afrika Mashariki ilijifunza thamani yake kwa uchungu. Mwaka 1999 Umoja wa Ulaya ulizuia samaki wa Ziwa Victoria kuingia katika soko lake kutokana na hofu ya sumu ya viuatilifu, na viwanda vya minofu vya Mwanza, Kisumu na vya Uganda vikapoteza mnunuzi wao mkuu kwa miezi. Tangu Januari 1, 2005, kanuni ya Umoja huo ya mwaka 2002 kuhusu usalama wa chakula huwataka wafanyabiashara wa chakula waweze kumtaja aliyewauzia na waliyemuuzia. Kanuni hiyo haidai kompyuta. Daftari lililotunzwa vema linatosha. Tofauti ni muda. Kiwanda kinachoweza kutaja ndani ya dakika kumi maboksi yote yaliyotokana na shehena moja mbovu kitarudisha maboksi hayo peke yake. Kisichoweza hulazimika kurudisha mzigo wa wiki nzima.

Nakala za akiba nazo zina sehemu yake. Machi 19, 2019, wadukuzi waliishambulia Norsk Hydro ya Norway, moja ya kampuni kubwa za alumini duniani yenye wafanyakazi wapatao 35,000 katika nchi 40, kwa virusi vinavyofunga mafaili ili kudai fidia. Baadhi ya viwanda vyake vilirudi kwenye kalamu na karatasi, na wastaafu walioikumbuka kazi ya mkono walirejea kusaidia. Kampuni ilikataa kulipa, ikajenga upya mifumo yake kutoka kwenye nakala za akiba. Barua pepe zake zilikuwa tayari zimehamishiwa kwenye huduma ya wingu, kwa hiyo wafanyakazi waliendelea kuwasiliana kwa simu zao wakati kompyuta za ofisi zimezimwa.

Wingu lina anwani

Pamoja na hayo, wingu si mahali pa kufikirika. Ni jengo, na jengo huungua. Machi 10, 2021, moto uliteketeza jengo moja la kampuni ya OVHcloud mjini Strasbourg, Ufaransa, na kuharibu sehemu ya jengo jirani. Baadhi ya wateja waligundua siku hiyo kwamba nakala zao za akiba zilikuwa katika eneo hilohilo, na kwamba huduma ya kuziweka mji mwingine ilikuwa ya kulipiwa kando. Mwenye kiwanda anayesaini mkataba bila kuuliza nakala ziko mji gani amenunua nusu ya huduma.

Kwa Afrika Mashariki swali la njia ya kufika huko ni zito zaidi. Kabla ya mkongo wa Seacom kufika pwani yetu mwaka 2009 na ule wa EASSy mwaka 2010, eneo hili lilitegemea setilaiti kwa bei ambayo ingeifanya programu ya wingu kuwa mzaha. Hali imebadilika mno, lakini Mei 12, 2024, mikongo hiyo miwili ilikatika kwa pamoja na intaneti ikadorora Tanzania, Kenya na nchi jirani. Ndiyo maana mafundi wenye busara hawaruhusu mashine yenyewe itegemee wingu. Kidhibiti cha boila au cha mtambo wa kujaza chupa hubaki kiwandani na hufanya kazi intaneti ikiwepo au isiwepo. Kinachokwenda mbali ni mpango, kumbukumbu na ripoti. Programu nzuri huhifadhi maandishi ya zamu kwenye simu au kompyuta ya kiwandani na kuyatuma mawasiliano yanaporejea. Mnunuzi anayetaka kuhakikisha hilo huzima ruta mbele ya muuzaji na kuangalia kinachotokea.

Sheria nazo zimo. Kenya ina sheria ya ulinzi wa data ya mwaka 2019 na Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022. Zote huweka masharti ya kusafirisha taarifa za watu nje ya nchi. Idadi ya ndoo haihusiki, lakini orodha ya mishahara na majina ya wateja yanahusika, na mara nyingi yote hukaa ndani ya programu moja.

Wingu pia haliponyi hesabu mbovu. Kampuni ya peremende na chokoleti ya Hershey ya Marekani ilizindua mifumo mipya mitatu kwa mkupuo mwaka 1999, miezi michache kabla ya sikukuu ya Halloween, na ikashindwa kupeleka oda zenye thamani ya takriban dola milioni 100 ilhali bidhaa zilikuwamo ghalani. Hizo zilikuwa zama za seva za ofisini, ila chanzo chake hakijali seva iko wapi: haraka, mafunzo haba, na tarehe ya kuanza iliyoangukia msimu wa kazi nyingi kuliko yote.

Viwanda vinavyofaulu huanza na jambo lisilopendeza, yaani kuhesabu stoo nzima kwa mkono, kupima upya kila kiungo cha kila bidhaa, na kufuta majina matatu tofauti ya skrubu moja. Kazi hiyo inaweza kuchukua majuma. Baada yake huchaguliwa mstari mmoja wa uzalishaji, leja ya zamani ikiendelea kuandikwa sambamba kwa mwezi mmoja au miwili hadi tarakimu za pande zote mbili zilingane. Katika mkataba huandikwa kipengele kimoja ambacho wauzaji wengi hawakitaji wasipoulizwa: siku mteja akiamua kuondoka, taarifa zake atakabidhiwa zote, katika mfumo unaosomeka na programu nyingine, ndani ya siku ngapi na kwa gharama ya nani.