Natal, Noeli na Maulidi

Tarehe 25 Desemba 1497 merikebu za Vasco da Gama zilikuwa zikiambaa na ufuo wa kusini-mashariki mwa Afrika, zikishika njia ya kaskazini. Ilikuwa sikukuu ya kuzaliwa Yesu, ambayo Wareno huiita Natal, na nchi iliyokuwa upande wao wa kushoto ikapewa jina hilo. Wenyeji wake, wasemao lugha za Kinguni, hawakuulizwa. Wako hata wataalamu wanaodai kwamba siku ile merikebu zilikuwa zingali kusini zaidi, pwani ya Wapondo, na kwamba Natal ya ramani zetu ilikuwa bado haijaonekana. Jina likaingia ramanini vivyo hivyo, na ramani zikanakiliana.

Neno lenyewe lina nasaba ya kupendeza. Asili yake ni Kilatini, natalis, yaani ‘ya kuzaliwa’. Kutoka chimbuko hilohilo Wafaransa walipata Noël, ambayo ndiyo Noeli ya Wakatoliki wetu. Krismasi ilikuja kwa njia ya Kiingereza. Na mtu wa visiwani akitakiwa aifasiri Natal kwa neno moja, atalikuta limo kinywani mwake siku nyingi: Maulidi. Sisemi kwamba sikukuu ni moja, la hasha. Nasema kwamba Mwarabu na Mlatini, kila mmoja katika lugha yake, walikwenda kwenye kitenzi cha kuzaa.

Sasa tuwafuate mabaharia hao hadi kwetu. Walitia nanga nje ya Mombasa Jumamosi, 7 Aprili 1498. Kesho yake ilikuwa Jumapili ya Matawi. Malindi walifika jioni ya tarehe 14, mkesha wa Pasaka. Kalenda ya kanisa iliwapa majina mawili mazuri, tena kwa wakati wake, na wasiyatumie. Mombasa ikabaki Mombasa, Malindi ikabaki Malindi. Sababu naiona bandarini. Palikuwa na mfalme wa kusalimiwa, palikuwa na vyombo vya Bara Hindi, na da Gama alikuwa akitafuta rubani wa kumvusha bahari. Mwenye shida kama hiyo huuliza mji unaitwaje, naye hulitamka jina aliloambiwa. Karibu miaka mia baadaye, mwaka 1593, Wareno walipoanza kuijenga Mombasa ngome yao, waliipa jina la Yesu. Watu wa mji wakaiita Ngome, basi.

Kule kusini jina la sikukuu lilizidi kuota mizizi. Makaburu waliunda jamhuri yao ya Natalia mwaka 1839. Waingereza wakaitwaa nchi mwaka 1843 na kulirudisha Natal. Mwaka 1910 likawa jina la jimbo katika Muungano wa Afrika Kusini. Bandari yake, iliyoitwa Port Natal, ilikuwa imekwisha kupewa jina la gavana, Durban, mwaka 1835, ingawa Wazulu husema eThekwini.

Mwaka 1994 jimbo hilo liliunganishwa na KwaZulu, likawa KwaZulu-Natal. Msomaji wa Unguja hahitaji mkalimani kwa nusu ya kwanza: hiyo kwa ni ileile ya Kwamtipura, kwa fulani, mahali penye mwenyewe. Nusu ya pili ingali tarehe ya safari ya mgeni aliyekuwa akipita.