Tanuru Likizima, Klabu Hubaki kwa Nani? Raga ya Pontypool na Raga ya Kamaishi

Pontypool uko kusini mashariki mwa Wales; Kamaishi uko kaskazini mashariki mwa Japani, kando ya bahari. Miji hii haijuani kwa ujirani wala kwa lugha, lakini yote miwili ililelewa na chuma. Pontypool ulikuwa miongoni mwa miji ya mwanzo Uingereza kutengeneza mabati, chini ya ukoo wa Hanbury, na katika karne ya 18 mafundi wake waliyapaka vanishi kwa kuiga vyombo vya Kijapani. Kamaishi ndiko Oshima Takato alikofaulu kuyeyusha chuma kwa tanuru la mtindo wa Kizungu, tarehe 1 Desemba 1857. Baadaye kila mji ukatoa timu ya raga iliyotisha nchi nzima, na kila mmoja ukashuhudia viwanda vyake vikinyauka. Kinachoitofautisha ni namna kila mji ulivyoimiliki timu yake.

Tuanze na Wales. Chama cha raga cha nchi hiyo kilipoundwa mwaka 1881, Pontypool ilikuwa miongoni mwa vilabu 11 waasisi. Kule England mchezo huu ulihusishwa zaidi na shule za wenye nacho. Katika mabonde ya Wales uliwashukia wachimba makaa na wafua chuma, mwalimu na kibarua wakasukumana bega kwa bega katika skramu moja. Mchezaji hakulipwa. Klabu ilikuwa ya wanachama, ikiendeshwa na kamati ya watu wa mjini.

Utamaduni huo ulifika kileleni chini ya Ray Prosser, kocha kuanzia 1969 hadi 1987. Prosser, aliyewahi kuichezea Wales, aliwapandisha wachezaji wake mbio kilima cha bustani ya Pontypool mpaka miguu ikakubali. Raga yake ilikuwa ya mafowadi: kushika mpira, kusukuma, kumchosha mpinzani hadi akate tamaa. Matunda yake ni Charlie Faulkner, Bobby Windsor na Graham Price, watatu wa safu ya mbele waliocheza pamoja mara 19 katika timu ya taifa. Mara ya kwanza ilikuwa Paris, Januari 1975. Wales iliifunga Ufaransa 25 kwa 10, na Price, katika mechi yake ya kwanza ya kimataifa, alikimbia sehemu kubwa ya uwanja akafunga trai. Windsor na Faulkner walikuwa wafanyakazi wa viwanda vya chuma, na mashabiki waliona katika skramu ile nguvu ya kazi yao wenyewe.

Kamaishi ilikwenda kwa njia nyingine. Timu iliundwa mwaka 1959 kama timu ya kampuni ya chuma, na wachezaji walikuwa waajiriwa: mchana kiwandani, jioni mazoezini. Wengi walitoka shule za sekondari za ukanda ule wa kaskazini, si vyuo vikuu maarufu vya Tokyo. Hata hivyo, wakiongozwa na Matsuo Yuji, walitwaa ubingwa wa Japani mara saba mfululizo, 1979 hadi 1985, huku mashabiki wakipeperusha bendera ambazo wavuvi hupandisha wanaporudi na shehena ya samaki. Mji uliipenda timu, lakini mwenye timu alikuwa kampuni.

Mwaka 1989 tanuru la mwisho la Kamaishi lilizimwa. Timu ya kampuni ingeweza kufa hapo, kama zilivyokufa nyingine nyingi. Badala yake, mwaka 2001 iligeuzwa kuwa klabu ya wananchi, Kamaishi Seawaves. Miaka 10 baadaye, tarehe 11 Machi 2011, tsunami iliumeza sehemu kubwa ya mji. Wachezaji waligeuka wabeba mizigo ya misaada. Mchezaji mmoja wa klabu, Scott Fardy, Mwaustralia aliyepewa nafasi ya kuondoka, alikataa akabaki kusaidia, na baadaye akaichezea nchi yake fainali ya Kombe la Dunia ya 2015. Waswahili husema mgeni njoo, mwenyeji apone. Mwaka 2019, mahali zilipokuwa shule mbili ambazo wanafunzi wake walikimbilia mlimani wakaokoka, ulikuwa umesimama uwanja mpya, na humo Uruguay ikaifunga Fiji 30 kwa 27 katika Kombe la Dunia.

Wales, safari ilikwenda kinyume. Raga ya malipo iliporuhusiwa mwaka 1995, nchi ya watu takriban milioni tatu haikuweza kulipa mishahara katika kila bonde. Mwaka 2003 chama cha raga cha Wales kiliunda timu za kanda, na eneo la Pontypool likapewa timu yenye makao Newport, umbali usiofika kilomita 20. Kwenye ramani ni karibu. Kwa mtu ambaye babu yake alikwenda uwanjani kuishangilia Pontypool dhidi ya Newport, ni mbali mno. Mwaka 2012 klabu ya Pontypool ilikwenda mahakamani kupinga kushushwa daraja, ikashindwa.

Hesabu za chama naziheshimu. Kosa lake lilikuwa kudhani kwamba mapenzi ya watu yanahamishwa kwa barua. Kamaishi inafundisha kwamba hata timu iliyozaliwa na mwajiri inaweza kuwa ya mji, mradi mji uitwe, upewe nafasi na kazi ya kufanya. Pontypool inafundisha upande wa pili: mji ulioizaa timu kwa jasho lake hauachi kuidai. Mwaka 2024 Wales ilipoanzisha ligi mpya ya vilabu 10, Pontypool ilikuwamo. Kwa hiyo wanaopanga raga, popote walipo, wakitaka kugawa kanda au kuuza haki za mashindano, waanze kwa kuwauliza wanaosimama mvuani kila Jumamosi. Hao ndio wenye klabu, hata pale karatasi zinapotaja jina la mwingine.