Kahawa ya Kilimo Hai Kilimanjaro na Jina Lililokosekana Daftarini

Historia ya kahawa ya Kilimanjaro imezoeleka kusimuliwa kwa majina ya wanaume. Tunatajiwa mapadri wa Kilema walioleta miche mwishoni mwa karne ya 19, kisha Charles Dundas, mkuu wa wilaya aliyewahimiza Wachagga kulima zao hilo, na Joseph Merinyo aliyekiongoza chama cha wakulima wenyeji, KNPA, kilichoundwa mwaka 1925. Walowezi walitaka Mwafrika azuiwe kulima kahawa, wakashindwa. Mwaka 1933 ukazaliwa ushirika wa KNCU. Ni historia ya kujivunia, nami sina nia ya kuipunguza. Ila ushirika huo ulipofungua madaftari yake, mwanachama alikuwa mwenye kihamba, yaani shamba la ukoo la Wachagga, na kwa mila kihamba hurithiwa na mtoto wa kiume. Kilimo hai, kilichoingia rasmi mlimani miongo mingi baadaye, kimeonyesha wazi ubaya wa utaratibu huo, kwa sababu kinachouzwa sasa kwa bei ya ziada ni kazi ambayo tangu zamani imekuwa ya mwanamke.

Tazama jinsi kihamba kinavyoendeshwa. Kahawa hukua chini ya migomba, na juu ya migomba kuna miti mikubwa kama mringaringa. Ng'ombe hafugwi malishoni, hufungwa zizini na kuletewa majani, na mara nyingi anayeyakata na kuyabeba kichwani, wakati mwingine kutoka tambarare hadi juu mlimani, ni mwanamke. Samadi ya ng'ombe huyo ndiyo mbolea ya mgomba na mbuni kwa pamoja. Ndizi na maziwa kwa desturi ni mali ya mama wa nyumba. Kahawa, tangu iwe zao la fedha, ni mali ya baba. Mama huchuma mbivu, husaidia kumenya na kuosha, huanika kwenye vichanja na kuchambua buni mbovu, kisha malipo ya kwanza na ya pili hupokelewa na mwenye kadi ya uanachama. Mkaguzi wa kilimo hai anapofika kuuliza mbolea imetoka wapi, swali lake hasa humwelekea mama, hata kama fomu ina jina la mumewe.

Wapo watakaosema ninapamba mambo ya kale, kwamba vihamba havikuwa safi hivyo. Ni kweli. Dawa ya mrututu ilipuliziwa kwa miaka mingi kuzuia kutu ya majani, na ugonjwa wa chulebuni ulipoenea, dawa za viwandani ziliongezeka. Vyama vikuu vya ushirika vilifutwa mwaka 1976, vikarudishwa miaka ya 1980, kisha soko huria la miaka ya 1990 likauvunja utaratibu wa kukopesha pembejeo. Wakulima wengi waliacha dawa kwa kukosa fedha, kabla ya cheti chochote cha kilimo hai. Lakini hapo ndipo hoja yangu inapopata nguvu: dawa na mbolea za dukani zilipotoweka, kilichobaki kuulisha mbuni ni samadi, na samadi haikupungua thamani bei ya kahawa ilipoporomoka mwanzoni mwa miaka ya 2000. Mwanamke aliendelea kuihudumia ardhi kwa ajili ya ndizi, na mbuni ukanufaika. Huko Shimbwe Juu, kijiji ambacho FAO imekitambua kama urithi wa kilimo, kahawa ya kilimo hai ilijengwa juu ya mfumo huo uliokuwa bado hai.

Pingamizi zito zaidi la kumwandika mwanamke kuwa mwanachama ni la ardhi. Sheria za Ardhi za mwaka 1999 zinampa mwanamke haki sawa ya kumiliki, lakini ukoo una nguvu yake, na wazee wanahofu kihamba kugawanywa kikaisha. Hofu hiyo ina msingi, maana vihamba vimekwisha kuwa vidogo mno. Lakini kadi ya uanachama haihamishi mpaka wa shamba. Chama cha msingi kinaweza kuwaandika mume na mke kwa kihamba kimoja, kila mmoja akapiga kura, na fedha ya ziada ya kilimo hai ikalipwa kwa majina yote mawili, bila ukoo kupoteza hata mgomba mmoja.