Land Rover ya zamani inakunywa mafuta? Fungua kabureta kabla ya kununua nyingine

Oktoba 2024 mamia ya Land Rover zilijaa Arusha kwenye tamasha la magari hayo. Nyingi zilikuwa Defender za dizeli, lakini kaka zao wakubwa, Series II, IIA na III za petroli, bado wapo: shambani, misheni, kambi za watalii, na vijijini ambako gari hilo moja ndilo linalopeleka mgonjwa hospitali.

Malalamiko ya wenye magari haya yanafanana. Gari linatoa moshi mweusi, likisimama kwenye makutano linazima, na tenki linakauka haraka kuliko zamani. Land Rover 109 yenye injini nzima ya petroli ya 2.25 huenda takriban kilomita 5 hadi 6 kwa lita. Si gari la kubana matumizi hata likiwa jipya. Likishuka hadi kilomita 3, kuna mahali petroli inapotea, na mara nyingi ni kwenye kabureta.

Kabureta gani hiyo?

Injini ya 2.25, yenye ujazo wa cc 2,286, ilianza kufungwa mwaka 1958. Miaka ya mwanzo ilikuja na kabureta ya Solex. Kuanzia mwaka 1967 hivi ikaja Zenith 36IV, ambayo iliendelea kwenye Series III, gari lililotengenezwa kuanzia 1971 hadi 1985. Maelezo ya hapa ni ya Zenith, maana ndiyo inayokutwa zaidi na ndiyo inayosumbua mafundi.

Zenith ina sehemu kuu tatu. Juu kuna bodi yenye koo la kupitishia hewa, choki na kipepeo, yaani kile kisahani kinachofunguka ukikanyaga mafuta. Chini kuna bakuli la petroli. Ndani ya bakuli, ikiwa imefungwa kwa skrubu kwenye bodi ya juu, kuna bloku ndogo ya chuma laini yenye njia zote za petroli: jeti kuu, jeti ya sailensa (ule mngurumo wa gari likiwa limesimama), na pampu ndogo inayorusha petroli ukikanyaga ghafla.

Ugonjwa uko kwenye bloku hiyo. Kati yake na bodi ya juu kuna oringi ya mpira na nyuso mbili zinazotakiwa kukutana bila upenyo. Chuma chake ni laini, na joto la miaka 50 pamoja na mafundi wanaokaza skrubu kwa nguvu zote huzipindisha nyuso hizo. Petroli haipiti tena kwenye jeti iliyopimwa. Inavuja pembeni na kuingia moja kwa moja kwenye koo la kabureta.

Kuna kipimo rahisi cha kujua. Injini ikiwa ya moto na inanguruma, funga skrubu ya mchanganyiko polepole hadi mwisho. Kabureta nzima itaifanya injini isitesite kisha izime. Kama injini inaendelea kunguruma kana kwamba hujagusa kitu, petroli inaingia kwa njia nyingine, na hakuna tyuningi itakayosaidia hadi bloku ifunguliwe.

Kosa linalogharimu hela

Mafundi wengi hapa humwambia mteja kabureta imekwisha, anunue mpya. Mpya zinazouzwa kwa bei poa mara nyingi ni nakala, na baadhi hutoka dukani zikiwa na nyuso zilizopinda vilevile. Mtu analipa, gari linatembea vizuri wiki mbili, moshi unarudi. Kama Zenith ya kwanza iliyokuja na gari bado ipo, hata kama inaokota vumbi stoo, hiyo ndiyo ya kufufua. Seti ya gasketi, oringi, sindano na mpira wa diafragimu ni gharama ndogo sana ukilinganisha na kabureta nzima.

Kuifungua

Kwanza usalama. Toa waya wa betri, fanya kazi nje au penye hewa, na sigara ikae mbali. Petroli kwenye beseni la wazi chini ya mti wa karakana imeunguza watu wengi. Mchanga au kizimamoto kiwe karibu.

Kabla ya kutoa kitu, piga picha kwa simu kila upande, hasa fimbo za akseleta na waya wa choki. Halafu toa kabureta kwenye manifoldi, ziba tundu kwa kitambaa safi ili nati isitumbukie ndani, na ufungue bakuli.

Angalia kilichomo. Ukikuta mchanga mwekundu au kutu, tatizo limeanzia kwenye tenki, na kile kikombe cha kioo kwenye pampu ya petroli kinahitaji kuoshwa pia. Tikisa boya. Likilia maji ndani, limetoboka. Au lizamishe kwenye maji ya moto uone kama linatoa mapovu.

Jeti zioshwe kwa petroli safi au dawa ya kabureta, kisha zipulizwe kwa kompresa. Usichokonoe tundu kwa waya wa chuma. Jeti ni ya shaba, tundu lake limepimwa kwa sehemu za milimita, na mkwaruzo mdogo tu unalipanua. Uzi wa nailoni wa kuvulia samaki unatosha. Jihadhari na vidude vidogo vya pampu ndani ya bloku: kuna kigololi ambacho kikidondoka mchangani hakionekani tena.

Sasa nyuso. Weka rula ya chuma juu ya uso wa bloku na uinue kwenye mwanga. Ukiona mwanga unapita katikati, umepinda. Tandika msasa wa maji, namba 400 hivi, juu ya kipande cha kioo kinene, lowanisha, na usugue bloku taratibu kwa mwendo wa namba nane. Usikandamize. Uso wa bodi ya juu ni mgumu kuufikia, hivyo msasa hubandikwa kwenye kipande bapa cha chuma na kusuguliwa nacho. Ukishaona rangi moja uso mzima, acha, halafu malizia na msasa laini zaidi. Baadaye osha kila njia, kwa sababu chembe moja ya msasa kwenye jeti itakurudisha mwanzo.

Juu ya bodi kuna kifuniko kidogo kinachofunika mpira mwembamba, diafragimu ya kubana matumizi. Mpira huu ukichanika, kabureta inamwaga petroli ya ziada wakati wote, hata kwenye tambarare. Ubadilishe tu bila kujiuliza, na uhakikishe kifuniko chake hakivuti hewa.

Kipo pia kitu ambacho seti ya gasketi haiponyi: uchakavu wa shafti ya kipepeo. Ishike uitikise juu na chini. Ikicheza, hewa inaingia pembeni na sailensa haitatulia kamwe. Hiyo ni kazi ya fundi tona kuweka bushi mpya.

Unapofunga, weka oringi mpya, sindano mpya na washa yake, yenye unene wa milimita 2. Washa hii inaonekana ya kawaida, kumbe ndiyo inayopanga kina cha petroli kwenye bakuli. Ukiweka nyembamba au nene kina kinabadilika, na gari nalo linabadilika. Skrubu za bloku zikazwe kwa zamu, kwa nguvu ya vidole na bisibisi, basi. Kukaza sana ndiko kulikopindisha chuma mwanzoni.

Tyuningi

Kabureta ni ya mwisho kurekebishwa. Anza na valvu (milimita 0.25), pointi za disitributa (0.35 hadi 0.40) na plagi (0.75 hadi 0.80). Kagua pia kichuja hewa. Series hutumia cha oili, na oili iliyojaa tope la vumbi inaziba hewa kama vile choki imevutwa. Fundi anayeanza na skrubu za kabureta kabla ya haya anacheza bahati nasibu.

Funga skrubu ya mchanganyiko polepole hadi iguse, kisha irudishe mzunguko mmoja na nusu. Usiikaze, ncha yake inaharibika. Washa, acha injini ipate moto kamili, na choki irudi yote. Kwa skrubu ya kipepeo pandisha sailensa kidogo. Halafu zungusha ya mchanganyiko taratibu, robo kwa robo, ukisikiliza. Kuifunga kunapunguza petroli, kuifungua kunaongeza. Simama pale injini inapokimbia zaidi bila kumisi. Shusha sailensa, rudia. Mwisho wake ni karibu mizunguko 500 kwa dakika, mngurumo wa chini kabisa ambao wengi waliozoea magari ya Kijapani hudhani gari linataka kuzima.

Tembea kilomita 20 kwa mwendo wa kawaida, zima, toa plagi. Rangi ya kahawia iliyopauka ni nzuri. Masizi meusi makavu yanaonyesha petroli bado ni nyingi. Nyeupe kabisa inaashiria petroli kidogo au hewa inayovuja, na hiyo isipuuzwe, inaunguza valvu.

Mwinuko nao una maneno. Nairobi iko karibu mita 1,700 juu ya bahari, Arusha karibu 1,400, na hewa huko ni nyepesi. Gari lililopangwa likapendeza Mombasa au Tanga litakuwa na petroli nyingi kidogo likifika bara, na lililopangwa Arusha litapungukiwa likishuka pwani. Kwa safari ya siku mbili haina shida. Gari likihamia kabisa, lipangwe upya hukohuko.

Kama kila kitu kimefanyika na injini bado inagonga mlimani au inaendelea kukohoa baada ya kuzima swichi, badilisha kituo cha mafuta kwanza. Petroli iliyochakachuliwa kwa mafuta ya taa hairekebishwi kwa bisibisi.