Kanzu, Kaunda Suti na Tai: Vazi la Ofisini Tanzania

Katika pwani ya Tanganyika, vazi la mwenye cheo lilikuwa kanzu. Maliwali na maakida, yaani viongozi wenyeji walioajiriwa na Wajerumani, walikwenda kazini na kanzu nyeupe na kofia, kama muungwana yeyote wa Pangani au Bagamoyo. Uzito wa vazi hilo unaonekana zaidi Unguja. Utumwa ulipoondolewa kisheria mwaka 1897, waliokuwa watumwa walianza kuvaa kanzu na kofia, mavazi ambayo awali yalikuwa alama ya uungwana. Kwao kofia kichwani ilikuwa tangazo kwamba hawana bwana tena.

Chini ya Waingereza maana hiyo iligeuzwa. Katika nyumba za wazungu na hotelini, kanzu iliyofungwa mshipi ikafanywa sare ya mtumishi wa mezani. Karani aliyetoka shule ya misheni au shule ya Tabora alivaa shati na kaptula ya kaki, na akipanda cheo, suruali na tai. Kanzu iliyomtangaza babu kuwa muungwana sasa ilimtambulisha mjukuu kama boi, na hasara hiyo ilikuwa kubwa kuliko inavyokumbukwa.

Baada ya uhuru wa 1961, Waafrika walianza kukalia viti vya wakoloni maofisini, wakabandikwa jina la naizi, kifupi cha naizesheni, kutoka neno la Kiingereza Africanization. Wengi waliendelea na suti na tai. Baada ya Azimio la Arusha la 1967, lililotangaza siasa ya ujamaa, tai ilizidi kutazamwa kama kasumba, na mahali pake pakashikwa na mavazi mawili. Moja lilikuwa koti la shingo iliyofungwa, la mtindo wa China, lililoitwa Chuenlai kwa jina la Zhou Enlai, waziri mkuu wa China aliyezuru Dar es Salaam Juni 1965. La pili ni kaunda suti, lenye jina la Kenneth Kaunda wa Zambia: koti jepesi, mara nyingi la mikono mifupi, lenye mifuko, linalovaliwa bila tai pamoja na suruali ya kitambaa kilekile. Kwa joto la Dar es Salaam lilikuwa vazi la busara kuliko koti la sufu. Tena fundi cherehani wa mtaani aliweza kulishona, hivyo mwalimu na mkurugenzi waliweza kufanana.

Kwa wanawake mambo yalikuwa makali zaidi. Oktoba 1968 Umoja wa Vijana wa TANU, chama tawala, ulitangaza Operesheni Vijana, iliyopiga marufuku sketi fupi, suruali za kubana, mawigi na vipodozi vya kuchubua ngozi kuanzia Januari 1, 1969. Suruali za kubana za wavulana zilitajwa pia, lakini mzigo mkubwa uliwaangukia wasichana wa mjini, wakiwamo makarani na wapiga chapa waliokuwa wakianza kujipatia mshahara wao wenyewe. Hata kabla ya tarehe hiyo, wengine walishambuliwa barabarani. Hoja ilikuwa utamaduni wa taifa, ila nyuma yake palikuwa na hofu ya wanaume kumwona mwanamke mwenye kipato chake.

Miaka ya 1980 nguo zilipokuwa adimu madukani, heshima ya mtafuta kazi ilitegemea pasi ya mkaa na shati lililotunzwa. Kisha milango ya biashara ilifunguliwa katika enzi ya Rais Ali Hassan Mwinyi, aliyeitwa Mzee Ruksa, na marobota ya mitumba yakajaa masokoni. Suti ya Ulaya, ikishapunguzwa na fundi, ikawa ndani ya uwezo wa mhitimu asiye na kazi. Tai ikarudi, safari hii ikiwa vazi la kwenda kwenye usaili benki na katika kampuni binafsi.

Serikali nayo iliandika masharti upya. Waraka wa mavazi wa watumishi wa umma wa mwaka 2007 ulikataza nguo fupi, za kubana na zinazoonyesha mwili.

Katika nchi jirani ya Kenya, mjadala wa vazi la kazini ulifufuka Novemba 2023: baada ya Rais William Ruto kuonekana mara kwa mara na kaunda suti, Spika Moses Wetang'ula alilipiga marufuku vazi hilo katika Bunge la Taifa.